Mtoto mwenye ualbino anajiunga na darasa la awali Julai. Nawaandaaje wenzake?

Mwl. wa Awali, Sengerema

Habari za kazi walimu na wazazi.

Nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali wilayani Sengerema. Shule zikifunguliwa Julai nitampokea mtoto wa kiume wa miaka mitano mwenye ualbino, familia yake inahamia huku. Darasa lina watoto 74, ninasaidiwa na mama mmoja wa kujitolea. Zimebaki wiki nne kabla ya likizo ya Juni, na ningependa kuzitumia vizuri.

Kwanza, niseme nao kabla hajafika, au ninyamaze wamzoee wenyewe? Shuleni kuna wanaoshauri ninyamaze nisije nikawafungua macho. Pili, neno "zeruzeru" wanalo tayari kutoka nyumbani. Nilizuieje bila kulifanya liwe tamu zaidi midomoni mwao? La tatu ndilo kubwa kwangu. Nataka waweze kumtetea mwenzao hata nisipokuwepo: chooni, kwenye foleni ya uji, njiani. Kwa umri wa miaka mitano inawezekana, au nitawabebesha mzigo wa watu wazima?

Naomba mambo ya kutenda. Wimbo wa "sisi sote ni sawa" watoto wanauimba vizuri, kisha wanatoka nje na kukataa kushikana mikono.

---

Mkufunzi Awali, Morogoro

Mwalimu, umeuliza kwa wakati wake.

Sema nao, ila usimtaje yeye. Mtoto wa miaka mitatu tayari anaona rangi za ngozi, nywele, nani anachechemea na nani anavaa miwani, na anawapanga watu kwa alichokiona. Macho yalishafunguka. Mtu mzima akinyamaza, mtoto haoni kwamba tofauti haipo. Anaona kwamba ni jambo la aibu, kisha anachukua maelezo ya mtaani: kwamba ukimgusa unaambukizwa, kwamba watu hao hawafi bali hutoweka, kwamba mama yake alizaa na mzungu. Wimbo wako unashindwa kwa sababu hiyohiyo, unawataka wakanushe wanachokiona kwa macho yao.

Wiki ya kwanza fanyeni ngozi zao wenyewe. Wagawe katika vikundi vya wanane kwenye kona za ujifunzaji, vikundi viwili kwa siku vifanye kazi hii, kimoja baada ya kingine, huku mama msaidizi akishika wengine. Kila kikundi kipewe rangi ya maji nyeupe, njano, nyekundu na kahawia, kifuniko cha chupa kimoja kimoja. Kila mtoto achore kiganja chake, kisha atafute rangi inayofanana na mgongo wa mkono wake. Waanze na nyeupe na njano, ndipo wadondoshe kahawia tone kwa tone. Wakianza na kahawia, watamaliza kopo la nyeupe na haitapauka. Rangi za dukani zikikosekana, udongo mwekundu uliochekechwa, unga wa muhogo na majivu vikikorogwa kwa uji mwepesi vinatosha kabisa. Jambo la kuangalia: wasiseme rangi fulani ni "nzuri" na nyingine "chafu". Ukisikia "chafu", mpe kitambaa chenye maji aupanguse mkono wake, aone kwamba rangi haitoki kwa sababu si uchafu.

Siku ya mwisho ya wiki hiyo waeleze kwa sentensi fupi. Naandika kama unavyoweza kuzitamka: "Ndani ya ngozi kuna rangi inaitwa melanini. Inaikinga ngozi na jua. Wengine wanayo nyingi, wengine kidogo. Kuna watu wanazaliwa wakiwa na kidogo sana au hawana, tunawaita watu wenye ualbino. Nywele zao na ngozi yao ni nyeupe, na macho yao hayaoni mbali vizuri. Wanavaa pama ili jua lisiwaunguze. Ukimshika mkono hupati ualbino." Basi. Wakiuliza zaidi jibu walichouliza tu.

Wiki ya pili na ya tatu tumia mwanasesere wa darasa. Mshone mkubwa kidogo, kama sentimita 50 hadi 60, ili hata walio nyuma mkekani wamwone, avae sare ya shule kabisa. Mpe jina ambalo hakuna mtoto wenu analo, tuseme Shija, na maisha yake: anakaa na nani, anapenda nini, anaogopa nini. Aje mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 15 zisizidi, kisha aondoke. Ukimwacha kwenye kona ya michezo atakuwa kitu cha kuburutwa, na hawatamsikiliza tena.

Ziara ya kwanza isiwe na tatizo lolote: Shija anapenda uji wa karanga na anaogopa mbwa. Watoto wampende kwanza kama mtoto. Ya pili anaeleza pama yake. Ya tatu ndipo anakuja amenyamaza, maana kwenye mchezo wa ukuti kuna mtu alikataa kumshika mkono. Uliza mawili tu: "Shija anajisikiaje?" na "Tungekuwepo, tungefanya nini?" Yapokee majibu yote, hata "tungempiga", kisha uliza, "Shija angefurahi, au angeogopa zaidi?" Ziara ya nne usiiache: Shija ndiye anamsaidia mwenzake aliyeanguka. Ukiishia kwenye ile ya tatu umewafundisha huruma tu, na mtoto anayehurumiwa kila siku hachaguliwi kuwa nahodha wa mchezo.

Kuhusu neno. Likitoka, inama umfikie aliyesema, sauti ya kawaida: "Neno hilo linaumiza. Tunasema mtu mwenye ualbino, na mwenzetu tunamwita kwa jina lake." Endelea na kazi. Usiulize mbele ya wote "nani amekufundisha?", hapo unamshtaki mama yake. Akirudia kwa kusudi, atoke kwenye mchezo kwa dakika tatu nne, kisha arudi kwa tendo: ampe zamu yake, aokote alichoangusha. Samahani ya kulazimishwa humfundisha kutamka samahani, basi. Na kwa hili fimbo isitumike kabisa. Wakichapwa kwa ajili yake, watamwona yeye ndiye chanzo cha maumivu, na watalipizia mahali usipoona.

Kuteteana kunawezekana kwa miaka mitano ukiwapa mambo matatu tu, mafupi. La kusema: "Acha. Anaumia." La kutenda: kumshika mwenzake mkono na kumwambia, "Njoo tucheze." La tatu: kumwendea mtu mzima na kusema, "Mwalimu, njoo." Yafanyieni mazoezi kwa dakika tano kila siku kabla ya uji, wakiwa wamesimama, wawili wawili, mkono mmoja umenyooshwa mbele, sauti itoke tumboni. Wakijifunza wakiwa wamekaa wataweza kukujibu swali, lakini siku ya tukio sauti haitoki. Anayeudhi aigizwe na wewe kupitia mwanasesere mwingine, kamwe si mtoto, kwa sababu kazi hiyo wataifurahia na utakuwa umewafundisha kejeli mpya.

Na usimtangaze aliyetetea kuwa shujaa wa wiki. Kesho yake kutakuwa na mashujaa 20 wanaotafuta matukio. Mwambie pembeni ulichokiona: "Ulimshika mkono alipokuwa analia. Akanyamaza."

---

Mwl. Elimu Maalumu, Moshi

Naunga mkono, ila naongeza upande ambao mara nyingi husahaulika. Sehemu kubwa ya kutengwa huletwa na mpangilio wa darasa na uwanja, na hilo liko mikononi mwa mwalimu kuliko tabia za watoto.

Macho kwanza. Ualbino unagusa jicho tangu linapoumbwa: sehemu ya katikati ya retina haikomai vizuri, mwanga mkali unaumiza, na macho huchezacheza bila mwenyewe kutaka. Miwani inasaidia kiasi, hairudishi uoni wote. Matokeo yake kijamii ni haya: hatamtambua mwenzake aliye mbali, hatajibu tabasamu, na ndani ya siku chache utasikia "anaringa, hasalimii". Wafundishe wote kutaja jina wanaposalimia: "Mambo, mimi Rehema." Hilo peke yake linaondoa ugomvi mwingi.

Akae mbele, dirisha likiwa mgongoni kwake au ubavuni. Kosa la kawaida ni kumweka mbele akitazama mlango ulio wazi, mwanga unamfumba macho kabisa. Aruhusiwe kuinuka na kusogea ubaoni bila kuomba kila mara. Ubao ufutwe kwa kitambaa chenye maji, si kwa dasta yenye vumbi, na uandike huku unasoma kwa sauti. Hilo litawafaa wote 74. Kadi za herufi ziandikwe kwa maka pen nyeusi nene kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa. Akishika kitabu karibu na pua, mwache, hakimharibu macho. Akiinamisha kichwa upande mmoja anapotazama, usimnyooshe: ameipata pembe ambayo macho yake yanatulia.

Wenzake watauliza kwa nini yeye anaruhusiwa kusimama na wao hawaruhusiwi. Jibu: "Kila mtu anapewa anachohitaji ili ajifunze. Wewe ukihitaji, nawe utapewa." Kisha kweli wape, vinginevyo wivu utageuka kuwa chuki.

Jua. Pama yenye ukingo wa sentimita 8 kuzunguka pande zote, si kapelo. Kapelo inaacha masikio na shingo, na hapo ndipo vidonda huanzia mara nyingi. Sare ya mikono mirefu na suruali ndefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Ukikiinua juani ukaona mwanga unapenya, hakifai. Mafuta ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi, apakwe robo saa hadi nusu saa kabla ya kutoka, arudiwe kila baada ya saa mbili na kila anaponawa. Kama nusu kijiko cha chai kwa uso, masikio na shingo. Katika hospitali ya KCMC hapa Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino, kwa hiyo ulizia hospitali ya wilaya na chama cha watu wenye ualbino namna ya kuipata huko kwenu. Mafuta hayampi ruhusa ya kushinda juani, ni nyongeza ya nguo na kivuli. Mawingu nayo yasiwadanganye.

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni michezo yote ihamie kivulini. Nasema yote. Kinachofanyika shule nyingi ni kumwacha yeye ndani na kuwatoa wengine, na huko ni kumtenga kwa amri ya mwalimu. Mwembe mmoja mkubwa na zamu za vikundi vinatosha.

Kwa upimaji wa macho, mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri mapema, msingoje Julai.

---

Mwalimu PP2, Kwale

Salamu kutoka Kwale, Kenya, ninakofundisha PP2, yaani mwaka wa pili wa awali. Nakubaliana na mengi, lakini kuhusu mwanasesere natofautiana na mkufunzi.

Msimpe Shija ualbino. Darasa lenye mtoto mmoja tu wa aina hiyo, mwanasesere akifanana naye, watoto watamwita yeye Shija. Kila kisa cha mwanasesere kitakuwa kisa chake, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Mpe mwanasesere jambo jingine: ana kigugumizi, au anavaa kifaa cha kusikia. Ile misuli ya kuuliza "anajisikiaje, tufanye nini" ni ileile. Ualbino uelezeni kwa picha na kwa maneno ya wazi kama yale aliyoandika.

Picha zenyewe zichaguliwe kwa makini. Zile za hospitali na za watoto wanaolia ziacheni. Tafuteni watu wazima wenye ualbino wakiwa kazini. Huku kwetu tunaye Jaji Mumbi Ngugi, amekuwa jaji tangu 2011. Kwenu yupo Salum Khalfani Barwany, aliyechaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, na Dkt. Abdallah Possi, mwanasheria aliyekuwa naibu waziri kisha balozi Ujerumani. Mtoto wa miaka mitano hajui ubunge ni nini, kwa hiyo sema tu: huyu anasikiliza watu waliogombana na kuamua. Changanya na picha za fundi, muuza samaki na mama anayesuka, wenye ualbino na wasio nao, ili isiwe maonyesho.

Michezo. Ukuti ni mzuri sana, wanashikana mikono bila kuhubiriwa. Kombolela anaweza kama mpaka ni mdogo na uko kivulini. Rede mtapata shida, mpira unakuja kwa kasi na hauoni mpaka umeshafika. Mpira wa makaratasi uviringisheni kitambaa cheupe au cha njano ili utofautiane na ardhi, na tieni njuga ndani. Wote wataupenda, na hakuna atakayesema umetengenezwa kwa ajili yake.

Siku ya kwanza usimsimamishe mbele kumtambulisha. Aje mapema kabla ya kengele, aonyeshwe choo, mahali pa kunawia na nafasi yake, na wawepo watoto wanne tu wa kucheza naye kwenye kona. Wengine wakifika watamkuta yumo ndani ya mchezo. Hao wanne wabadilike kila wiki. Ukimteua mmoja kuwa "mlinzi wake", baada ya mwezi amechoka, na wengine wamejivua jukumu.

---

Mwl. wa Awali, Sengerema

Asanteni sana. Hoja ya Kwale imeniingia, mwanasesere atakuwa na kigugumizi. Yamebaki mawili. Wanafunzi wa darasa la tatu na la nne wanapita dirishani kwetu na hao ndio wenye maneno makali. Watoto wangu watawakabili vipi? Na wazazi niwaambie nini? Nina wasiwasi pia na usalama, mnajua historia ya Kanda hii ya Ziwa, mauaji ya watu wenye ualbino.

---

Mkufunzi Awali, Morogoro

Kwale, umenishawishi kwa darasa lenye mtoto mmoja.

Mwalimu, hao wakubwa wasikabiliwe na watoto wako hata kidogo. Kanuni iwe moja, irudiwe kila siku: aliye mkubwa kuliko wewe, mkimbilie mtu mzima. "Acha, anaumia" ni ya rika lao. Mtoto wa miaka mitano akimsimamia wa miaka kumi atasukumwa, na hatajaribu tena.

Hapo lipo jambo la kwenu walimu. Watoto wetu tunawafokea "acha kushtaki" kwa kila jambo, kisha tunashangaa hawakutuita penye hatari. Akija, muulize, "Unaniambia ili apigwe, au ili mwenzako asiumie?" Likiwa la pili, inuka uende naye hapohapo. Usipoinuka mara mbili tatu, hatakuja tena.

Darasa la tatu na la nne ni kazi ya mwalimu mkuu: walimu wa madarasa hayo wafundishe somo hilo darasani kwao, na viranja wapangwe chooni na kwenye foleni ya uji. Gwarideni mtoto asitajwe.

---

Afisa Ustawi, Mwanza

Kuhusu wazazi, anza na wazazi wa mtoto mwenyewe. Waulize wanataka nini kisemwe na nini kisisemwe, na mtoto anapenda aelezwe vipi. Mkutano wa wazazi ufuate, dakika 20 zinatosha. Waeleze kwamba ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa na ngozi nyeusi kabisa. Wote wakiwa wamebeba vinasaba hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Maelezo hayo yanamwondolea mama lawama ya kuzaa na mzungu. Kisha waombe kitu kimoja tu: neno "zeruzeru" lisitumike nyumbani, wala "dili", linalomfanya mtu mwenye ualbino kuwa kitu cha kuuzwa. Ukiomba kumi hawatashika hata moja.

Usalama. Orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua iwe na watu wawili, majina na namba za simu, inakaa kwako na kwa mwalimu mkuu. Asiyekuwemo hapewi mtoto hata akiwa mjomba, mpaka mzazi apigiwe simu. Njiani atembee na kundi lenye mtu mzima. Picha zake zisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wala ukurasa wa shule. Picha ya darasa yenye bango la shule inaonyesha alipo. Mtendaji wa kijiji na dawati la jinsia na watoto la polisi wajulishwe kabla hajaanza, na namba ya dawati iwe ukutani ofisini.

Watoto wa awali wasisimuliwe mauaji. Hofu itawafanya wamkwepe. Wafundishe kanuni inayomhusu kila mtoto darasani: mtu tusiyemjua akituuliza mwenzetu anakaa wapi au anapita njia gani, hatujibu, tunakimbia kumwambia mwalimu. Ifanyieni mazoezi kama zile sentensi nyingine, wewe ukiigiza mgeni mwenye pipi mkononi, maana pipi ndiyo inayowashinda wengi. Wiki ya kwanza ya Julai ianze na zoezi hilo upya, kwa kuwa likizo itakuwa imefuta nusu ya waliyojifunza.